Chumba Nilichokikausha Bila Kuingia

Wenzangu mliobaki na mwiko mkononi, siku mliponiaga mlisema niandike niliyoyajua kabla sijayasahau. Mlisema hivyo huku macho yenu yakiwa kwenye kreti la bia, lakini mimi nimelichukua neno lenu kama lilivyo. Nimeanza na yale ambayo ningependa kuyasahau, nikaona ndiyo yenye faida. Vyeo sitavitaja: nilipandishwa mara mbili, nikashushwa mara moja, na mara zote tatu sikuambiwa sababu. Kampuni nayo sitaitaja. Ilikuwa na bandari chini, nyumba za wafanyakazi juu mlimani, na katikati ilikuwa na sisi watu wa huduma ya nyumba, tuliopanda na kushuka na ndoo.

Niliingia kazini miaka ya mwanzo ya Zaire. Tulikuwa tumevua tai kwa amri ya Rais, na majina ya ubatizo tumeyavua vilevile, nikabaki Kabamba mtupu. Mkubwa wetu tulimwita Sitoyen Shefu. Sitoyen, yaani raia, ilikuwa ya kuonyesha kwamba sote ni sawa, na Shefu ilikuwa ya kutukumbusha kwamba si kweli. Alivaa abakosi, lile koti la amri lisilo na tai, la rangi ya udongo, na katika miaka yote niliyomjua sikumwona akigusa ukuta kwa mkono.

Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe, maana nilidhani kazi ya kampuni ni kazi ya biro, ya kukaa ofisini. Papa Mulenda, mkubwa wa waashi, alinitazama kuanzia kola mpaka viatu. Akanipeleka nyuma ya nyumba ya karani mmoja, akanionyesha ukuta uliokuwa na unga mweupe karibu na msingi.

“Lamba,” akaniambia.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikalamba.

“Unasikia nini?”

“Chumvi, Papa.”

“Basi ile maji inatoka kwa udongo. Maji ya udongo inapanda na chumvi yake. Maji ya pumzi ya watu haiko na chumvi. Leo umesoma. Kesho uje na shati ya kazi.”

Huo ndio msingi wa yote niliyoyajua kuhusu unyevu, na niliupata kabla ya saa mbili asubuhi ya siku ya kwanza. Ukuta unaolowa una sababu mbili kubwa. Ama maji yanatoka nje, kwa udongo au kwa bati bovu, ama yanatoka ndani, kwa watu wanaopumua usiku kucha madirisha yakiwa yamefungwa, na pumzi yao ikigonga ukuta baridi inageuka maji. Kuvu haijali ni maji gani. Inaota tu, nyeusi, na harufu yake ni ya gunia la muhogo lililonyeshewa. Papa Mulenda alikuwa na dawa nyingine ya kubainisha: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Unaibandika ukutani kwa bukari laini, ule ugali wetu, unaziba kingo zote, unaiacha siku mbili. Ikilowa usoni, ni pumzi. Ikilowa mgongoni, ni ukuta wenyewe. Alivuta sigara nyingi sana kwa ajili ya kazi, au hivyo ndivyo alivyomweleza mkewe.

Kampuni nayo ilikuwa na dawa yake, na dawa hiyo ilikuwa rangi. Kila iliposemwa kwamba mgeni mkubwa anakuja kutoka Lubumbashi au Kinshasa, Sitoyen Shefu alitoa amri ileile: “Pakeni rangi.” Rangi yenyewe ilikuwa ya mafuta, kijani, iliyobaki baada ya kupaka boti bandarini. Mpakaji wetu aliitwa Ilunga, mtu mcheshi na mvivu, aliyeamini kwa moyo wote kwamba kitu kisichoonekana hakipo. Alipaka juu ya kuvu, akapaka juu ya chumvi, na mara moja alipaka juu ya mjusi. Baada ya mwezi rangi ilivimba malengelenge, yakapasuka, na kuvu ikatoka ikiwa na afya kuliko mwanzo. Mgeni alikuwa amekwisha kuondoka, kwa hiyo kazi ilihesabiwa kuwa nzuri.

Mwaka wangu wa sita Papa Mulenda alistaafu akarudi kwao Moba. Mwaka huohuo nilimwoa Feza, binti wa Papa Ngoy, mwendesha kreni bandarini. Papa Ngoy alikaa katika nyumba ya kampuni, safu ya juu kabisa, pale ambapo Wazungu waliukata mlima ili kupata mahali pa kuweka nyumba. Mbele jua lilipiga asubuhi yote. Nyuma kulikuwa na mlima tu, na chumba cha kulala cha wazee kilikuwa nyuma. Feza aliniambia kwamba hata saa sita mchana mama yake alikuwa akijifunika blanketi humo ndani. Mimi nilimwambia kwamba mama yake anazeeka. Ndoa yetu ilikuwa changa, na nilikuwa bado sijajua maneno ya kuyameza.

Hapa lazima nieleze jambo la haya, kwa sababu vijana wa leo mnakula meza moja na wakwe zenu na kuwaomba chumvi. Kwetu, siku zile, mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana. Akikuona njiani aliingia kwenye nyasi, akajifunika kitenge usoni, nawe uligeukia upande mwingine kama mtu anayehesabu mawingu. Hukula mbele yake. Hukutaja jina lake. Hukusema naye ila kwa kupitia mtu mwingine, na chumba alicholala, kitanda chake, shuka lake, hayo hukuyaona mpaka unakufa. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na kusema kweli iliokoa ndoa nyingi.

Sasa mwezi wa kumi na mbili ukaja mgeni, Ilunga akatumwa kupaka safu ya juu. Akaingia chumbani kwa mama mkwe wangu na ndoo ya kijani. Alipotoka alinipa ripoti: “Ukuta ni muzima, umechoka tu.” Baadaye nilijua kwamba hakusogeza kabati, alipaka kulizunguka, kisha akamwaga rangi kwenye shuka la mama na kusema ni bahati, rangi inafanana na maua yake. Mama mkwe akatoa sheria: hakuna fundi mwingine atakayetia mguu chumbani mwake, awe wa kampuni au wa mbinguni.

Mwezi wa pili kifua kikamshika. Alikohoa mchana, akakohoa akila. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza mgongoni, akauliza analala wapi, akaomba kuliona shuka. Alilinusa. Akamwambia Papa Ngoy: “Papa, hii kifua haitapita masika ingine ndani ya ile chumba.” Nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu vya kulala, sebule haikutosha kitanda, na chumba cha pili kililaliwa na shemeji zangu watatu, vidume vya ndevu. Mama halali chumba kimoja na wanawe wenye ndevu. Papa Ngoy akaamua: mvua zikikaribia tena kabla ukuta haujakauka, mama atapelekwa Nyunzu kwa kaka yake. Wote tulijua kwamba huko hakuna zahanati karibu, na mama mwenyewe aliposikia aligeukia ukuta akalala hivyo hadi jioni. Kupelekwa Nyunzu kulikuwa kupelekwa akafe mahali ambapo hatutamwona.

Nikajitolea. Sikuweza kuingia ndani, basi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikautazama ukuta kwa nje na kutoa hukumu kama daktari anayemtibu mgonjwa kupitia mlango. Nikasema maji ya mvua yanapiga ukuta. Nikaomba saruji, nikapiga lipu nzito, laini, unene wa vidole viwili, kuanzia udongoni hadi chini ya bati. Nilijivunia sana. Majirani walikuja kupitisha viganja vyao juu yake.

Kufikia mwezi wa nne mama mkwe alikuwa anakohoa damu kidogo kwenye kitambaa.

Nilirudi nyuma ya nyumba asubuhi moja, nikiwa na nyundo ndogo, nikaanza kuugonga ukuta ili nisikie penye uwazi. Nilikuwa nimegonga kama mara kumi nilipoisikia sauti ndani, nyembamba, karibu kabisa na sikio langu.

“Wewe ukuta.”

Nikasimama.

“Wewe ukuta, umwambie huyo muntu anakupiga huko inje kama ndani muko mugonjwa.”

Niliangalia huku na huku kama mwizi. Hakukuwa na mtu. Kweli, hakusema nami, alisema na ukuta, na hakuna mila inayomkataza mama mkwe kuzungumza na matofali. Nikatoa kofia.

“Ukuta,” nikasema, “umwambie mama mukwe, naacha sasa hivi.”

“Nani anamwambia aache? Umwambie apige na adabu. Anapiga kama vile anafukuza nyoka.”

Hivyo ndivyo nilivyopata msaidizi bora kuliko wote niliofanya nao kazi, na ninyi mnaosoma hapa msikasirike. Nilimuuliza ukuta kuvu inaanzia wapi. Ukuta ukaulizwa, mama akajibu: inaanza chini, nyuma ya kabati, inapanda mpaka kwa miguu ya Yesu. Yesu alikuwa kwenye fremu, zawadi ya komunyo ya Feza. Nikamuuliza kama matundu ya hewa yaliyo juu yako wazi. Akasema kwamba yeye mwenyewe aliyaziba kwa matambara, maana baridi iliingia. Nikafurahi. Nikadhani nimeshinda. Nikauambia ukuta kwa sauti ya mtaalamu kwamba basi ni pumzi: wazee wawili, chumba kidogo, matundu yamefungwa, kila kitu kinaeleweka.

“Umuulize,” mama akasema, “kama ni pumzi, kwa nini inaanza chini? Mimi napumulia kwa kitanda, sipumulii kwa sakafu.”

Nilikaa chini kwenye nyasi. Miaka sita kazini, na nilikuwa nimeshindwa na mama aliyelala kitandani. Siku ya pili nilimpa Feza karatasi tatu za fedha za sigara na bukari kwenye bakuli, na maelezo. Mama alizibandika mwenyewe: moja chini, moja katikati, moja juu kwa Yesu. Baada ya siku mbili nilirudi na kofia mkononi.

“Ukuta,” mama akasema, “umwambie: ya juu imelowa uso, kidogo tu. Ile ya kati na ile ya chini, uso kavu. Mugongo yake maji matupu.”

Basi maji yalitoka ukutani. Lakini nilitaka kuwa na hakika kama ni ya mvua au ya udongo, na kwa hilo Papa Mulenda alinifundisha njia moja tu. Nje nilikuwa nimefunika kila kitu kwa saruji. Penye ukweli palikuwa ndani. Nilitembea kutoka kona ya nyumba hadi kona nyingine mara nyingi, nikitoka jasho, nikitafuta maneno ya kumwomba mama wa mke wangu alambe ukuta wa chumba chake cha kulala. Hakuna lugha yenye maneno hayo. Kiluba hakina, Kiswahili hakina, na Kifaransa kina kila kitu lakini si hilo.

“Ukuta,” nikasema mwishowe, “kama mama atakuwa na nguvu, na kama hatakasirika, kuna ule unga mweupe kule chini. Fundi aliyenifundisha alikuwa anaonja. Kwa ulimi.”

Nikawazia safari ya Feza kurudi kwao na masanduku yake.

“Anauliza juu ya kazi, ama ananicheka?”

“Juu ya kazi, ukuta. Naapa.”

Nikasikia kitanda kikilia. Nikasikia kabati likisogezwa kidogo kidogo, na kikohozi, na kabati tena. Ningetoa mkono wangu mmoja niruhusiwe kuingia na kulisukuma lile kabati. Nilisimama nje tu nimeweka kiganja juu ya saruji yangu.

“Chumvi,” akasema. “Na umwambie kama hii njo mara ya mwisho.”

Kwa hiyo ni udongo. Nikaangalia nilipokuwa nimesimama, nikaona kile ambacho macho yangu yalikuwa yakikipita kila siku. Udongo wa mlima ulikuwa umeteremka mwaka hadi mwaka, ukaufunika msingi, ukapanda ukutani hadi magotini. Na juu ya udongo huo, imebanwa kabisa na ukuta, kulikuwa na bustani ya lengalenga, mchicha wetu, mistari minne, mibichi, mizuri. Miaka ile kila mama alipanda mboga popote palipokuwa na kiganja cha ardhi, kwa sababu sokoni siku nyingine palikuwa na chumvi bila samaki na siku nyingine samaki bila chumvi. Udongo ule wa nyuma ulikuwa na kivuli, haukukauka hata kiangazi. Niliuliza ukuta bustani inamwagiwa maji gani.

“Ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili mangaribi. Maji ya kuosha vyombo. Ile mboga haijakosa maji hata siku moja, hata mimi nikiwa na homa Feza alikuwa anamwanga.”

Nilitia mkono kwenye udongo ule. Ulitoka na tope.

“Ukuta, ngoja kwanza,” mama akasema taratibu. “Niwaze.”

Nilingoja. Na kwa kuwa nilikuwa nimesimama mbele ya saruji yangu nzuri yenye vidole viwili, nikaona kwamba kama yeye anawaza, mimi pia nina la kuwaza. Ukuta wa kale wa matofali na chokaa unakunywa maji na kuyatema. Ulikunywa kutoka udongoni ukatema pande zote mbili, nje na ndani. Mimi nikaja nikauziba mdomo wa nje. Mwezi wa pili kikohozi kilikuwa cha kawaida. Mwezi wa nne kilikuwa na damu. Katikati yake ilikuwa kazi yangu. Hakuna aliyejua, wala hakuna ambaye angejua. Ningeweza kuilaumu bustani mpaka leo.

“Ukuta,” nikasema, “umwambie mama. Ile simenti niliweka mimi, ilifunga maji, ikairudisha yote kwake ndani. Njo mimi nilimugonjesha zaidi.”

Nilisikia akipumua. Kifua kilikuwa na mluzi ndani yake.

“Na mimi, ukuta,” akasema, “njo nilikunywesha, asubuhi na mangaribi, miaka kumi na moja.”

Nililia pale nyuma ya nyumba. Sioni aibu kuliandika. Na ndani, kama sikukosea, kuna mtu alicheka kidogo, kisha akakohoa kwa sababu ya kucheka.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuipata. Ng'oa saruji, chimba mtaro wa kuuondoa udongo ukutani na kuupa maji njia, uache ukuta uchi kiangazi chote, kisha lipu nyepesi ya chokaa na mchanga. Ukuta hukauka unene wa kidole gumba kwa mwezi, na haupendi kuharakishwa. Nikaenda kwa Sitoyen Shefu kuomba wachimbaji. Alinisikiliza huku akisoma kitu kingine.

“Sitoyen Kabamba, ukuta iko na shida ya rangi?”

“Hapana, Sitoyen Shefu. Iko na shida ya udongo.”

“Udongo si kazi ya huduma ya nyumba. Pakeni rangi.”

Basi nikaenda kwa Salongo. Mnakumbuka, au mama zenu wanakumbuka: kila Jumamosi asubuhi watu wote walitoka kufanya kazi ya taifa, na kwa kuwa taifa halikusema kazi gani, mtaa wetu ulifagia mchanga wa barabara kutoka upande wa kushoto kwenda wa kulia, na Jumamosi iliyofuata kutoka kulia kwenda kushoto. Msimamizi wa Salongo alikuwa mzee mmoja mwenye filimbi na njaa ya kuandika ripoti. Nilimwambia kwamba nyuma ya safu ya juu kuna maji ya mbu, na kwamba mtaro mmoja mrefu ungeonekana vizuri kwenye karatasi. Macho yake yaliwaka. Jumamosi ile safu nzima ilitoka na majembe na beleshi, Papa Ngoy akiwa mbele, shemeji zangu wenye ndevu nyuma yake, hata Ilunga, ambaye alikaa juu ya kiti akaimba nyimbo za kutia moyo. Jumamosi tatu, mtaro ukapita nyuma ya nyumba zote. Sitoyen Shefu alipokuja kuuliza nani ametoa amri, tulimjibu kwamba ni Salongo. Alifungua mdomo, akakumbuka Salongo ni amri ya Rais, akaufunga.

Lengalenga ilihamishwa mbele, karibu na barabara, na mbuzi waliila ndani ya wiki moja. Nililaumiwa kwa hilo miaka mingi.

Saruji niliing'oa mwenyewe. Niliwakataza wengine. Ilichukua siku tisa, kwa patasi na nyundo, maana nilikuwa nimeipiga vizuri mno. Majirani walewale waliokuja kuipapasa walikuja kunitazama, wengine na karanga. Waliuliza mwashi gani anabomoa kazi yake isiyofikisha hata miezi minne, nikawajibu mwashi aliyekosea. Ndani, ukuta uliniambia nisipige saa ya kulala mchana, nikatii. Matambara yalitoka kwenye matundu, nikaweka wavu kwa nje, na mama akasogeza kabati kiganja kimoja mbali na ukuta kwa msaada wa wanawe. Kuvu aliisugua mwenyewe kwa maji ya javeli, yale ya kung'arishia nguo nyeupe, mdomo umefungwa kitambaa, dirisha wazi. Mwezi wa tisa nilipiga chokaa. Kisha hakukuwa na la kufanya ila kuiogopa mvua.

Ya kwanza kubwa ilipiga mwezi wa kumi, mchana kutwa. Papa Ngoy alikuwa amekwisha kumwandikia kaka wa mkewe kule Nyunzu, ingawa barua alikuwa bado hajaituma. Nilisimama nyuma ya nyumba, begani nimejifunika gunia, nikitazama maji yakikimbia mtaroni. Sikuthubutu kuuliza. Asubuhi ya pili niliuliza.

“Ukuta, uko namna gani?”

“Umwambie iko baridi. Lakini mukono yangu inatoka kavu.”

Msinielewe vibaya, haikuwa muujiza. Mwezi wa kwanza doa lilirudi kwenye kona, nikagundua bati lililotoboka. Kikohozi hakikuisha mara moja, kilipungua kama deni la mtu mkaidi. Lakini damu ilikoma kabla ya Noeli, na mvua za mwisho zilipopita, muuguzi alimsikiliza mgongoni, akanusa shuka tena, akainua mabega kama mtu aliyeshindwa kubishana: kifua kilikuwa kimepita masika. Papa Ngoy aliipasua barua mbele yetu akawashia moto wa chai.

Baada ya Pasaka walituita. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeomba: alitaka haya ivunjwe, kama mila inavyoruhusu mkwe akiwa amekwisha kuonekana ni mtu. Kukatolewa kuku wawili, wazee wakasema maneno yao, nikatoa kitenge nilichonunua kwa ushauri wa Feza. Tukakalishwa kwenye viti viwili, uso kwa uso, katikati ya sebule. Akaondoa kitambaa usoni. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makali, na kidevu cha mke wangu. Nami nilimtazama kwa mara ya kwanza mwanamke aliyelamba ukuta kwa ajili yangu.

“Mvua imeisha,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Ndiyo.”

Tukatazama sakafu. Papa Ngoy alikohoa kwa adabu. Feza alinikanyaga mguu. Nilijaribu kusema jambo kuhusu chokaa, likafia njiani. Mama mkwe alivumilia kama mtu anayengoja treni, mpaka uvumilivu ukamwisha. Akasimama, akakusanya kitenge chake, akaingia chumbani mwake na kufunga mlango. Wazee wakanitazama kwa huruma. Walidhani nimemkosea.

Kisha, kupitia mlango uliofungwa, sauti yake ikatufikia sote.

“Wewe ukuta, umwambie huyo mutoto wangu kama sura yake ni mubaya kuliko vile nilikuwa nawaza. Nitaizoea. Na umuulize anangojea nini kule sebuleni, niko na maneno ya mwaka mzima.”

Nilichukua kiti changu, nikazunguka nyuma ya nyumba.